Kompyuta ya duka inapoganda, pima ramu kabla ya kununua mashine mpya

MVUA za kwanza zimenyesha. Katika duka la pembejeo lililo kando ya barabara, wakulima wamepanga foleni tangu saa 2 asubuhi. Huyu anataka mbegu ya mahindi kilo 10, yule DAP mifuko 2, na mwingine amekuja kulipa nusu ya deni la msimu uliopita ili akopeshwe tena. Mwenye duka anafungua jina la mkulima wa tatu, na kompyuta inaganda. Mshale hausogei. Kibodi haijibu. Anabonyeza swichi mpaka mashine izime, anaiwasha, anasubiri dakika 5 na kuanza upya. Baada ya nusu saa inaganda tena, safari hii akiwa hajagusa kitu.

Fundi anaitwa. Jibu lake ni lile ambalo wafanyabiashara wengi wamelizoea: "Mama, hapa kuna virusi, tupige Windows upya." Windows inapigwa, fedha inalipwa, na siku 2 baadaye kompyuta inaganda kama mwanzo. Fundi wa pili anasema diski imechoka. Wa tatu anashauri mashine itupwe na inunuliwe nyingine.

Mfano huu unaweza kuwa wa duka lolote la pembejeo, mashine ya kukoboa au ofisi ya chama cha msingi cha ushirika. Katika mfano wetu kuna jambo moja ambalo mafundi wote watatu hawakuuliza: nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza? Wangeuliza, wangeambiwa kwamba wiki 2 kabla, mwenye duka alinunua kipande cha ramu kilichotumika na kukiongeza ili kompyuta iwe nyepesi.

Ramu mbovu, au isiyooana na mashine, ni miongoni mwa sababu za kompyuta kuganda zinazosahaulika kirahisi. Kuipima hakuhitaji shahada wala vifaa vya gharama. Lakini asiyeipima anaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko kompyuta yenyewe, nacho ni hesabu za biashara.

Ramu ni meza, diski ni kabati

Kompyuta ina sehemu 2 za kuweka taarifa. Diski ni kama kabati la mafaili: kilichowekwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Ramu ni kama meza ya karani. Faili likitolewa kabatini huwekwa mezani, huandikwa, hujumlishwa, kisha hurudishwa. Kompyuta ikizimwa, meza hufutwa yote.

Kwa umbo, ramu ya kompyuta ya mezani ni kibao chembamba chenye urefu wa sentimita 13 hivi, na ya kompyuta ya mkononi ni kama sentimita 7. Juu yake kuna chipu nyeusi, na ukingoni kuna safu ya meno ya rangi ya dhahabu yanayoingia katika sloti ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi.

Ndani ya chipu hizo mna mabilioni ya vyumba vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme. Chumba chenye chaji husomwa kama 1, kisicho na chaji husomwa kama 0. Kila kimoja cha namna hiyo huitwa biti. Chaji hizo huvuja, kwa hiyo kompyuta huzijaza upya kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika ramu nyingi vyumba vyote hujazwa ndani ya milisekunde 64. Chumba kimoja kikishindwa kushika chaji, au meno yakiwa na kutu na vumbi, kompyuta husoma kitu ambacho haikuandika. Hapo ndipo huganda.

Hasara isiyoonekana

Kuganda ni kero, lakini angalau kunaonekana. Hatari kubwa zaidi ni pale biti moja inapobadilika na kompyuta ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kompyuta huandika namba kwa kujumlisha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila hatua ikiwa mara 2 ya iliyotangulia. Deni la mkulima la sh 40,000, katika programu inayohifadhi namba kamili, ni jumla ya 32,768 na 4,096 na 2,048 na 1,024 na 64. Biti ya 4,096 ikizimika kwa ubovu wa ramu, deni hilo litasomeka sh 35,904. Biti ya 65,536 ikiwaka bila kutakiwa, litasomeka sh 105,536. Namba hiyo ikirudishwa kwenye diski, imehifadhiwa hivyo. Hakuna kengele italia.

Msimu ukifika mwisho, mkulima atasema anadaiwa 40,000 na kompyuta itasema 105,536. Mwenye duka atamwamini nani? Kama hana daftari wala kitabu cha risiti, anaweza kumpoteza mteja wa miaka 10 kwa kosa la kipande cha plastiki na chipu. Kwa chama cha ushirika jambo ni zito zaidi, kwa kuwa hitilafu ya kilo au shilingi katika malipo ya wanachama huzua tuhuma za wizi hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Mamlaka ya kodi nayo haitapokea maelezo kwamba kompyuta iliganda. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5.

Tatizo hili si la mashine za mitumba peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada na kampuni ya Google walichapisha matokeo ya kufuatilia kompyuta za kampuni hiyo kwa takriban miaka 2 na nusu. Waligundua kwamba kiasi cha asilimia 8 ya vipande vya ramu vilipata hitilafu katika mwaka mmoja. Waliona pia kwamba hitilafu nyingi zilitokana na ubovu wa kudumu wa kifaa, si bahati mbaya ya kupita. Kompyuta hizo kubwa zina ramu maalumu inayoweza kugundua na kusahihisha biti iliyokosewa. Kompyuta za kawaida za dukani hazina ulinzi huo.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft nao walichapisha uchunguzi wa karibu kompyuta milioni 1 za watumiaji wa kawaida. Walionyesha kwamba mashine iliyoanguka mara moja kwa ubovu wa kifaa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena. Kwa mwenye duka, maana yake ni kwamba kuzima na kuwasha si tiba.

Dalili za kutazama

Si kila kuganda ni kwa ramu. Kabla ya kufungua mashine, mwenye nayo achukue daftari na kwa siku 2 au 3 aandike kila tukio: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, na skrini iliandika nini. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maelezo ya "inasumbua".

Kama kompyuta huganda baada ya kufanya kazi kwa muda, feni inavuma kwa nguvu na ubavu wake ni wa moto, tatizo laweza kuwa joto. Maduka ya mbolea na mashine za kukoboa yana vumbi jingi, na vumbi hilo huziba feni.

Kama inakwama kwa dakika moja au 2, taa ya diski ikiwaka bila kuzimika, kisha inaendelea, diski ndiyo ya kushukiwa kwanza. Milio ya kukwaruza ndani ya mashine huthibitisha zaidi.

Kama inazimika ghafla au kujiwasha upya, hasa umeme unapopungua nguvu, kiangaliwe kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Kama inakuwa nzito polepole kadiri programu zinavyofunguliwa na kupata nafuu zinapofungwa, huenda ramu ni nzima ila ni ndogo.

Ramu mbovu haina mpangilio. Leo kompyuta inaganda ikichapa risiti, kesho ikiwa imeachwa tu. Skrini ya bluu, ambayo katika Windows 11 za karibuni imekuwa nyeusi, hutokea na ujumbe unaobadilika kila mara; miongoni mwake ni ule ulioandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Faili lililofunguka jana linakataa leo. Windows ikipigwa upya, kazi hukatikia katikati, na kila safari hukatikia mahali tofauti. Mashine nyingine hulia milio kadhaa zinapowashwa na skrini hubaki nyeusi.

Dalili iliyo nzito kuliko zote ni wakati. Kama matatizo yalianza baada ya ramu kuongezwa, mashine kusafirishwa kwa basi au kusafishwa ndani, uchunguzi uanzie hapo.

Okoa hesabu kwanza

Hatua ya kwanza si kupiga Windows. Kupiga Windows juu ya ramu mbovu ni sawa na kupanda mbegu mpya katika shamba lenye mchwa bila kuua mchwa. Mafaili mapya ya Windows hupitia ramu ile ile, nayo yanaweza kuharibika yakiwa njiani.

Hatua ya kwanza ni kuokoa hesabu, na hapa wengi hukosea. Wakiona mashine inasumbua, hukimbilia kunakili mafaili kwenye flashi ile ile yenye nakala ya mwezi uliopita, na nakala mpya hufuta ya zamani. Lakini kunakili nako hupitia ramu. Nakala iliyochukuliwa kwa mashine yenye ramu mbovu yaweza kuwa na makosa, na sasa ile nzuri ya zamani haipo tena.

Njia salama ni kutumia flashi nyingine na kuiacha nakala ya zamani kama ilivyo. Njia bora zaidi ni fundi kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, kisha anakili humo. Mwenye duka awepo kazi hiyo ikifanyika, kwa sababu diski hiyo ina madeni na majina ya wateja wake.

Jinsi ya kupima

Hesabu zikishakuwa salama, upimaji waweza kuanza. Windows zote tangu Vista ya mwaka 2007 zina kipimo cha ramu ndani yake. Katika sehemu ya kutafutia programu huandikwa neno mdsched, kisha kompyuta huomba ruhusa ya kujiwasha upya na huanza kupima kabla Windows haijafunguka. Kitufe cha F1 hufungua orodha ya vipimo, na kilicho kirefu ndicho kinachofaa. Matokeo huonyeshwa Windows inapofunguka tena.

Kipimo kikali zaidi ni programu ya bure iitwayo Memtest86+. Fundi huiweka kwenye flashi, nayo mashine huwashwa kutokea kwenye flashi hiyo. Flashi hiyo iwe tupu, maana vilivyomo hufutwa wakati wa kuandaliwa. Programu huandika namba katika kila chumba cha ramu, huzisoma na kulinganisha, kisha hurudia kwa mitindo tofauti. Mzunguko mmoja waweza kuchukua saa moja au zaidi kulingana na ukubwa wa ramu. Inashauriwa iachwe usiku kucha. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika, ila kazi huanza upya.

Kosa moja tu linatosha kuikataa ramu. Wapo wanaosema kosa moja katika mabilioni ni dogo. Anayesema hivyo akumbuke deni la sh 40,000 lililogeuka 105,536.

Ikiwa makosa yameonekana, kinachofuata ni kutafuta mhusika. Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na ya mkononi itolewe betri kama inatoka. Swichi ya kuwashia ibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kushika ramu, kwa kuwa umeme wa mwilini, hasa majira ya ukavu, waweza kuunguza chipu bila yeye kuhisi kitu.

Vipande vyote vitolewe. Vumbi ndani ya sloti litolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Meno yenye ukungu yasuguliwe taratibu kwa ufutio safi wa penseli na mabaki yafutwe kabisa. Sandpepa isitumike, kwani hukwangua rangi ya dhahabu inayozuia kutu. Kisha ramu irudishwe na kukandamizwa mpaka vishikizo vya sloti vijifunge vyenyewe kwa mlio. Mara nyingine ugonjwa huishia hapo: ramu ilikuwa nzima, ila ilikaa vibaya.

Kama makosa bado yapo, kila kipande kipimwe peke yake, na kila sloti ipimwe peke yake. Majibu husomeka hivi:

Kipande kikitoa makosa katika kila sloti, na kingine hakitoi popote, kipande hicho ni kibovu.

Vipande vyote vikitoa makosa katika sloti moja tu, sloti au madabodi ndiyo mbovu. Kununua ramu mpya kutakuwa kutupa fedha.

Kila kipande kikifaulu kikiwa peke yake lakini vikishindwa vikiwekwa pamoja, huenda haviendani. Mipangilio ya kompyuta irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, hasa kama kuna aliyeongeza kasi ya ramu ili mashine ikimbie.

Na kama hata ramu iliyoazimwa kutoka mashine nzima ya aina hiyo hiyo inatoa makosa, lawama ziondolewe kwenye ramu. Fundi achunguze madabodi, prosesa na pawa saplai.

Ramu nzima isiyooana

Neno "ramu" sokoni lina vitu vingi vilivyofanana kwa macho. Kuna vizazi: DDR2, DDR3 iliyoingia sokoni mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2014 na DDR5 iliyofuata. Kizazi kimoja hakiingii katika sloti ya kingine. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina meno 240, na DDR4 na DDR5 zote zina meno 288, lakini pengo lililokatwa katikati ya meno liko mahali tofauti. Anayelazimisha huvunja sloti.

Kwa hiyo kosa la kizazi huonekana mapema. Makosa yanayosumbua ni yale ya kipande kinachoingia vizuri lakini hakiendani na mashine.

La kwanza ni umeme. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na iliyoandikwa DDR3L au PC3L hutumia 1.35. Baadhi ya kompyuta za mkononi zinakubali DDR3L peke yake. Kipande cha volti 1.5 kikiwekwa humo, mashine yaweza kugoma kuwaka au kufanya kazi kwa kusuasua.

La pili ni kasi. Namba iliyo kwenye lebo huelezwa kwa njia 2, na wanunuzi wengi huchanganyikiwa. DDR3 ya kasi ya 1600 ndiyo hiyo hiyo PC3-12800, na DDR4 ya 2400 ndiyo PC4-19200. Namba kubwa ni kasi ikizidishwa kwa 8. Vipande vya kasi tofauti vikiwekwa pamoja, kwa kawaida vyote hufuata kasi ya kile cha polepole. Mara nyingi hilo halina madhara. Lakini zipo mashine zinazoshindwa kupatanisha vipande viwili, na hizo ndizo huganda.

La tatu ni ramu za kompyuta kubwa za makampuni, zile zinazoitwa seva. Zinapostaafishwa huingia sokoni kwa bei ya kuvutia. Nyingi zina chipu ya ziada ya kuratibu mawasiliano, na kompyuta ya kawaida ya dukani haiwezi kuzitumia.

La nne ni ramu zinazouzwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa ya AMD peke yake. Zimepangwa kwa chipu za muundo ambao mashine nyingi za Intel za wakati wake hazikuzielewa. Ramu hiyo ni nzima katika mashine yake, na ni tatizo katika mashine nyingine.

La tano si la kuoana bali la kupoteza fedha. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za ramu katika kompyuta ya kawaida, na kwa vitendo hubaki chini kidogo ya hapo. Mwenye Windows hiyo akiongeza ramu kufika GB 8, sehemu kubwa ya alichonunua italala bure.

Dawa ya haya yote ni moja. Anayekwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kununua ramu asiende na maneno "nataka ramu ya GB 4". Aende na kipande cha zamani mkononi au picha ya lebo yake, pamoja na jina na namba ya modeli ya kompyuta. Alinganishe kizazi, volti, kasi na umbo. Adai risiti yenye maelezo ya bidhaa, na akubaliane kwa maandishi kwamba kipande kikitoa makosa katika siku kadhaa za kwanza kitarudishwa. Muuzaji anayekataa sharti hilo anajua anachouza.

Gharama ya kupima, gharama ya kubahatisha

Kwa mfanyabiashara, uamuzi wa kutengeneza au kununua upya ni wa hesabu kama uamuzi wa kuweka mbolea. Turudi kwenye duka la mfano. Tuseme kila fundi alilipwa sh 20,000, na walikuwa 3. Hizo ni sh 60,000. Tuseme duka lilisimama siku 2 za msimu, na kila siku faida yake ni sh 50,000. Hizo ni sh 100,000. Jumla ni sh 160,000, na kompyuta bado inaganda. Bado haijahesabiwa bei ya mashine mpya aliyoshauriwa anunue.

Kwa upande wa pili, kompyuta inayotumia wati 100 ikiachwa ijipime kwa saa 10 itakula uniti 1 ya umeme. Programu ya kupimia ni bure. Hata kama fundi atalipwa kwa kazi ya kupima peke yake, malipo hayo yananunua jibu, wakati malipo ya kupiga Windows yalinunua matumaini.

Sababu nyingine ya kupima ni bei. Ramu kwa miaka mingi imekuwa ikipanda na kushuka kama mazao, kwa kuwa viwanda vikubwa vinavyozalisha chipu zake duniani ni vichache. Samsung, SK hynix na Micron ndizo zinazoongoza. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ilipanda kwa kasi, kwa kuwa uzalishaji mwingi ulielekezwa kwenye kompyuta kubwa za akili bandia. Bei ikipanda hivyo, vipande vya mitumba na vya kubahatisha huvutia zaidi, na kununua bila kupima huwa ghali zaidi.

Kununua mashine mpya kuna mahali pake. Kama madabodi imekufa, au ramu mbovu imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao kama ilivyo katika kompyuta nyingi nyembamba za mkononi, matengenezo yaweza kukaribia bei ya mashine. Lakini uamuzi huo ufuate kipimo, usikitangulie.

Baada ya kupona

Katika duka la mfano, upimaji wa usiku mmoja na asubuhi moja ungetoa jibu. Kipande cha zamani cha GB 2 kimefaulu katika sloti zote mbili. Kile cha GB 4 kilichonunuliwa kimetoa makosa katika zote mbili. Kikitolewa, kompyuta inarudi kuwa nzito kama zamani, lakini haigandi, na inachoandika ndicho ilichoambiwa.

Kazi haijaisha. Mwenye duka anapaswa kuchukua kitabu cha risiti na kulinganisha kila deni lililoguswa tangu siku ramu ile ilipowekwa. Windows iliyopigwa wakati ramu ni mbovu nayo ipigwe upya, safari hii kwa faida, na diski ikaguliwe makosa yake. Tangu hapo nakala ya hesabu ichukuliwe kila jioni kwenye flashi 2 zinazopokezana, moja ikilala dukani na nyingine nyumbani. Vitabu vya karatasi visitupwe kwa sababu kompyuta imeingia. Karatasi haigandi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimu ujao mkulima yule wa tatu kwenye foleni atarudi na kuuliza anadaiwa shilingi ngapi. Mwenye duka aliyepima ramu na kulinganisha vitabu atamtajia namba bila wasiwasi, naye atalipa, achukue mifuko yake na kuwahi shambani.